Zabbix kutoka 6.0 kwenda 7.0: sasisho likikwama, tafuta kosa la kwanza

Umepandisha toleo la Zabbix, programu ya kufuatilia hali ya seva na mitandao, ukafungua kivinjari, na badala ya dashibodi yako unakutana na maneno haya:

The Zabbix database version does not match current requirements. Your database version: 6000000. Required version: 7000000. Please contact your system administrator.

Watu wengi wakiona hivi wanaanza kuwasha na kuzima huduma, kurudisha kifurushi cha zamani, au kuingia kwenye hifadhidata na kubadilisha namba kwa mkono. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo kwa sasa. Ujumbe wenyewe unasema jambo moja tu: kurasa za wavuti tayari ni za 7.0, hifadhidata bado haijafika huko. Huenda seva iko katikati ya kuibadilisha na kazi inakwenda vizuri. Huenda ilijaribu ikashindwa. Huenda haijaanza kabisa. Kila hali ina dawa yake, na hifadhidata nyingi huharibika pale fundi anapotibu hali moja kwa dawa ya nyingine.

Nazungumzia hasa safari ya kutoka 6.0 kwenda 7.0 kwenye Ubuntu yenye MySQL 8.0, kwa sababu ndiyo inayowakuta wengi sasa. 6.0 ilitoka Februari 2022 na msaada wake kamili ulikwisha Februari 2025. Yaliyobaki ni marekebisho ya dharura na ya usalama hadi Februari 2027. 7.0 ilitoka Juni 2024. Zote mbili ni matoleo ya muda mrefu, na unaweza kuruka moja kwa moja kutoka ya kwanza hadi ya pili bila kupita 6.2 na 6.4.

Seva inafanya nini inapowashwa mara ya kwanza

Kifurushi kipya kikiwekwa, hakigusi hifadhidata. Hifadhidata hubadilishwa na programu ya zabbix_server yenyewe inapowashwa mara ya kwanza. Inasoma jedwali dogo liitwalo dbversion, inalinganisha na namba inayoitaka, kisha inaanza kutekeleza hatua moja baada ya nyingine: ongeza safu hapa, unda jedwali pale, hamisha data, weka triga (amri inayojiendesha yenyewe jedwali likibadilika). Kila hatua ikikamilika, namba iliyo kwenye dbversion inapandishwa. Ndiyo maana ukiuliza

select mandatory, optional from dbversion;

katikati ya safari hutaona 6000000 wala 7000000, utaona kitu kama 6030042. Namba hizo zinasomeka. Zinazoanza na 601 ni hatua za kwenda 6.2, zinazoanza na 603 ni za kwenda 6.4, na zinazoanza na 605 ni za kwenda 7.0. Kwa hiyo 6030042 maana yake seva imeshavuka hatua zote za 6.2 na iko kwenye zile za 6.4. Hii ndiyo njia ya uhakika ya kujua umefika wapi, kuliko kubahatisha kwa kuangalia asilimia.

Asilimia nazo zipo, kwenye /var/log/zabbix/zabbix_server.log. Ukiona "starting automatic database upgrade", kisha "completed 1% of database upgrade" na kuendelea, kazi iko njiani. Asilimia hiyo inahesabu hatua, haihesabu muda. Hatua moja inayogusa jedwali kubwa inaweza kukaa palepale kwenye 37% kwa dakika arobaini, halafu hatua mia zinazofuata zikaisha kwa sekunde chache. Kukaa kimya kwa logi si dalili ya kufa. Mwisho wake ni mstari mmoja: "database upgrade fully completed". Kabla ya mstari huo kuonekana, kurasa za wavuti zitaendelea kukataa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Sasa kuna jambo la MySQL ambalo lazima ulielewe kabla ya kugusa chochote. Amri zinazobadilisha muundo wa majedwali, kama ALTER TABLE na CREATE TABLE, hazirudishwi nyuma. MySQL inazithibitisha papo hapo, hata zikiwa ndani ya muamala. Seva ikiuawa baada ya safu mpya kuongezwa lakini kabla namba ya dbversion haijapandishwa, ikiwaka tena itajaribu kuongeza safu ileile na itakataliwa. PostgreSQL haina shida hii, kwa sababu yenyewe hurudisha nyuma hata mabadiliko ya muundo. Mwenye MySQL au MariaDB ana sababu ya kuwa mwangalifu maradufu: usiue mchakato wa zabbix_server ukiwa katikati ya kazi, na usiiwashe upya mashine. Umeme ukiwa wa kukatika, hakikisha UPS inatosha kwa muda wote wa kazi.

Kwa nini kosa unaloliona si kosa lenyewe

Faili la huduma linalokuja na kifurushi lina mistari miwili: Restart=on-failure na RestartSec=10s. Maana yake, badiliko la hifadhidata likishindwa, zabbix_server inazimika, systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) inasubiri sekunde 10, kisha inaiwasha tena. Inashindwa tena. Sekunde 10 nyingine. Ukiwa umekwenda kunywa chai kwa nusu saa, imeshajaribu mara nyingi, na chini ya logi kumejaa makosa yaliyorudiwa.

Hapo ndipo watu wanapotea. Wanachukua mstari wa mwisho, wanautafuta mtandaoni, wanapata ushauri wa kufuta safu au jedwali, wanafuata, na seva inahamia kwenye kosa lingine. Mstari wa mwisho mara nyingi ni jeraha lililotokana na jaribio la pili. Sababu iko juu, kwenye jaribio la kwanza.

Kwa hiyo, ukishathibitisha kwamba seva imeshindwa kweli (logi inasema "upgrade failed", siyo tu kwamba iko kimya), jambo la kwanza ni kuizuia isijaribu tena:

systemctl stop zabbix-server
systemctl mask zabbix-server

Kisha panda juu ya logi:

grep -nE "starting automatic|Z3005|upgrade failed" /var/log/zabbix/zabbix_server.log | less

Tafuta "starting automatic" ya kwanza ya leo, na usome Z3005 (alama ya Zabbix kwa amri ya SQL iliyoshindwa) ya kwanza iliyo chini yake. Kama logrotate ilishapita usiku, faili unalolihitaji ni zabbix_server.log.1 au la .gz, tumia zgrep. Nakili mstari huo wote, pamoja na sentensi ya SQL iliyo ndani ya mabano ya mraba mwishoni, kwa sababu hiyo ndiyo inakuambia ni jedwali gani.

Baada ya hapo linganisha jaribio la kwanza na la mwisho. Kosa likiwa lilelile mwanzo hadi mwisho, hifadhidata imesimama safi kwenye mpaka wa hatua: ondoa sababu, fungua mask (systemctl unmask zabbix-server), washa, itaendelea pale ilipoishia. Lakini kama la kwanza lilikuwa jambo moja, na yaliyofuata ni 1050 (jedwali tayari lipo), 1060 (safu tayari ipo) au 1359 (triga tayari ipo), basi hatua moja imekatika nusu. Hapo usianze kushona kwa mkono. Utafuta jedwali moja, seva itapita, na miaka miwili baadaye sasisho la toleo lijalo litagonga kasoro uliyoiacha na hakuna atakayekumbuka imetoka wapi. Rudisha nakala rudufu, ondoa sababu ya kwanza, anza upya.

1419, kosa linalowapata wengi

Mstari wenyewe huwa hivi:

[Z3005] query failed: [1419] You do not have the SUPER privilege and binary logging is enabled (you *might* want to use the less safe log_bin_trust_function_creators variable)

Chanzo chake ni rahisi. Matoleo baada ya 6.0 yanatumia triga ndani ya hifadhidata kufuatilia mabadiliko ya hosti (mashine zinazopimwa), aitemu (vipimo vyake) na vitu vingine, ili seva isisome mipangilio yote upya kila mara. MySQL 8.0 huja na logi ya binari (kumbukumbu ya kila badiliko la hifadhidata) ikiwa imewashwa, na ikiwa hivyo haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuunda triga. Mtumiaji zabbix ni wa kawaida, na abaki hivyo hivyo. Kumpa SUPER ili kupita kosa hili ni kufungua mlango mkubwa kwa kazi ya dakika moja. Kwenye MariaDB logi ya binari huja ikiwa imezimwa, ndiyo maana wenzako wa MariaDB hawalijui kosa hili.

Dawa, ukiwa umeingia kama root kwenye MySQL:

set global log_bin_trust_function_creators = 1;

Badiliko la hifadhidata likikamilika, irudishe kuwa 0. Jihadhari na kitu kimoja: thamani hiyo haiandikwi kwenye faili, hupotea MySQL ikiwashwa upya. Kwenye Ubuntu 22.04, apt ikimaliza kazi huita needrestart, nayo inaweza kuwasha upya huduma zinazotumia maktaba zilizobadilishwa, MySQL ikiwemo. Ukiiweka kabla ya apt, unaweza kufika mwisho ikiwa imeshafutika. Iweke baada ya apt kumaliza, hakiki kwa show variables like 'log_bin_trust%', ndipo uwashe zabbix-server.

Kosa likiwa 1142 linalotaja TRIGGER, ni jambo lingine: mtumiaji hana ruhusa ya TRIGGER kwenye hifadhidata. Grant all privileges on zabbix.* inatosha.

Imekwama, haina kosa

Hali hii ndiyo inayowachosha watu zaidi, kwa sababu logi haisemi kitu. Asilimia imesimama, CPU iko chini, diski haisomi wala haiandiki. Fungua terminali ya pili, ingia MySQL, andika:

show full processlist;

Ukiona mstari wa mtumiaji zabbix wenye ALTER TABLE na hali ni "copy to tmp table" au "altering table", acha. Inafanya kazi. Ukiona "Waiting for table metadata lock", haifanyi kazi: kuna mwingine aliyeshika jedwali hilo, na Zabbix imepanga foleni nyuma yake. Ikumbukwe kwamba lock_wait_timeout ya MySQL kwa kawaida ni sekunde 31536000, yaani mwaka mzima. Haitatoa kosa usiku huu wala kesho.

Mwenye kushika mara nyingi ni mmoja wa hawa wawili. Wa kwanza ni mysqldump ya nakala rudufu ya kila usiku, iliyopangwa kwenye cron saa nane usiku, saa ileile uliyochagua kwa ajili ya matengenezo. Wa pili ni Grafana (programu ya kuchora grafu) au ripoti fulani inayosoma hifadhidata ya Zabbix moja kwa moja badala ya kupitia API, na imeacha muamala wazi. Mtafute:

select trx_mysql_thread_id, trx_started, trx_query from information_schema.innodb_trx;

Angalia aliyeanza mapema zaidi, mlinganishe na processlist ujue anatoka kwenye mashine gani, kisha kill namba yake. Yeye, siyo Zabbix. Mara tu akiondoka, ALTER inaendelea yenyewe na asilimia zinaanza kupanda. Ukimuua yule anayesubiri badala ya anayezuia, umejitengenezea ile hali ya hatua iliyokatika.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu: kabla ya kuanza, zima cron ya nakala rudufu, zima Grafana au funga akaunti yake ya hifadhidata, na show processlist ibaki na wewe peke yako.

Mengine yanayozuia

Diski. MySQL inapolazimika kunakili jedwali ili kulibadilisha, inahitaji nafasi ya kutosha jedwali la pili, na wakati huohuo logi za binari zinakua. Kwa kawaida MySQL 8.0 huzitunza kwa sekunde 2592000, yaani siku 30, na kwenye seva ya Zabbix inayoandika mchana kutwa hizo ni gigabaiti nyingi. Angalia df -h /var/lib/mysql, kisha ls -lh kwa faili za binlog. Kama huna seva nyingine inayonakili kutoka hapa, unaweza kuzipunguza kwa purge binary logs before now() - interval 1 day. Usizifute kwa rm. MySQL ina orodha yake na itachanganyikiwa.

Kosa 1118, "Row size too large (> 8126)", huwapata wenye hifadhidata za zamani, zilizozaliwa enzi za MySQL 5.5 au 5.6 na zikabebwa toleo hadi toleo. Majedwali yake bado yana muundo wa Compact. Tafuta yaliyobaki hivyo:

select table_name, row_format from information_schema.tables where table_schema='zabbix' and row_format <> 'Dynamic';

Halafu kila moja: alter table jina row_format=dynamic; Hili lifanye siku kadhaa kabla, seva ikiwa bado 6.0, siyo usiku wa sasisho.

Herufi. Zabbix inataka utf8mb4_bin. Aliyewahi kuhamisha hifadhidata kwenda mashine mpya na kuandika create database zabbix bila kitu kingine, MySQL 8.0 ilimpa utf8mb4_0900_ai_ci. Majedwali ya zamani yalibaki na mpangilio wao, mapya yanachukua ule wa hifadhidata, na unaishia na mchanganyiko. Logi itakutajia idadi ya safu zenye shida. Kubadilisha mpangilio wa hifadhidata yenyewe ni mstari mmoja, alter database zabbix character set utf8mb4 collate utf8mb4_bin, ila safu zilizokwisha kuharibika zinabadilishwa jedwali kwa jedwali.

Toleo la hifadhidata. 7.0 inataka MySQL 8.0.30 kwenda juu, MariaDB 10.5, au PostgreSQL 13. Chini ya hapo seva inakataa kuwaka na inakuonyesha AllowUnsupportedDBVersions=1. Kitumie kama njia ya kutokea usiku wa dharura tu.

PHP. Kurasa za 7.0 zinataka PHP 8.0 au zaidi. Ubuntu 20.04 na Debian 11 zina 7.4. Kwa hiyo walio huko wasianze na Zabbix, waanze na mfumo wenyewe: Ubuntu 22.04 ina PHP 8.1, 24.04 ina 8.3, Debian 12 ina 8.2. Na usipandishe mfumo na Zabbix usiku mmoja. Kitu kikivunjika hutajua ni kipi kilichokivunja.

Pale apt yenyewe inapogoma

Haya si mazito, ila yanakula muda.

Ukiona "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend" na jina unattended-upgr, kuna sasisho la kiotomatiki linaendelea. Subiri liishe. Kufuta faili la kufuli hakumzuii aliyelishika, kunawaruhusu wawili waandike mahali pamoja.

"Release file is not valid yet" maana yake saa ya seva iko nyuma. Ni jambo la kawaida kwa seva zilizofungiwa kwenye mtandao wa usimamizi ambako NTP haifiki. Angalia timedatectl, rekebisha chrony, endelea. Rekebisha hata kama apt ingekubali, maana Zabbix yenye saa mbovu inatoa tahadhari mbovu.

"Clearsigned file isn't valid, got 'NOSPLIT' (does the network require authentication?)" ina maana kwamba apt iliomba faili la hazina ikaletewa ukurasa wa wavuti. Mara nyingi bando limeisha na mtoa huduma anakuelekeza kwenye ukurasa wa kununua lingine, au kuna proksi ya ofisi inayotaka nenosiri. Jaribu curl -I kwenye anwani ileile, utaona unapelekwa wapi.

NO_PUBKEY au EXPKEYSIG: ufunguo wa saini umebadilika au muda wake umekwisha. Pakua upya kifurushi cha zabbix-release cha 7.0 cha toleo lako la Ubuntu na ukiweke. Huja na ufunguo mpya. Amri ikipita bila kubadilisha chochote, angalia apt-mark showhold na apt-cache policy zabbix-server-mysql. Ya pili inakuonyesha kama hazina ya 7.0 inaonekana kweli au bado mfumo unasoma ya 6.0.

Kwenye Red Hat na jamaa zake mtego uko EPEL, hazina ya vifurushi vya ziada, ambayo ina vifurushi vyake vya Zabbix vinavyogongana na vya watengenezaji. Weka excludepkgs=zabbix* kwenye faili la epel.repo.

Halafu lile swali la dpkg kuhusu /etc/zabbix/zabbix_server.conf: ubaki na faili lako au uchukue la mtengenezaji? Jibu N, baki na lako, kisha linganisha kwa diff na lile la .dpkg-dist. Aliyejibu Y kwa haraka atalijua kosa lake kwa mstari huu:

[Z3001] connection to database 'zabbix' failed: [1045] Access denied for user 'zabbix'@'localhost' (using password: NO)

Yale maneno "password: NO" ndiyo ushahidi. Nenosiri halijakosewa, halipo kabisa, kwa sababu faili jipya halina DBPassword. Faili lako la zamani liko palepale kwa jina linaloishia na .dpkg-old.

Na kazi yote ya apt ifanye ndani ya tmux. SSH ikikatika katikati ya dpkg, utarudi na kukuta "dpkg was interrupted", na utalazimika kuendesha dpkg --configure -a kabla ya jambo lingine lolote.

Utaratibu ninaoupendekeza

Wiki moja kabla, chukua nakala rudufu ya hifadhidata, iweke kwenye mashine pepe ya majaribio yenye MySQL ya toleo lilelile, na upandishe 7.0 huko. Utapata vitu viwili: makosa yote ya hapo juu bila presha, na muda halisi ambao badiliko litachukua. Mashine hiyo izuie kutoka nje kabisa. Nakala ya Zabbix iliyowashwa na mtandao wazi itaanza kupima swichi zako na kutuma SMS na barua pepe kwa watu walewale, kana kwamba mtandao umezimika wote.

Siku yenyewe: simamisha zabbix-server na uifunge kwa mask, ili apt isiiwashe kabla hujawa tayari. Kisha:

set -o pipefail
mysqldump --single-transaction --quick --no-tablespaces zabbix | gzip > /bakapu/zabbix60.sql.gz
zcat /bakapu/zabbix60.sql.gz | tail -1

Mstari wa mwisho lazima uwe "-- Dump completed on" na tarehe. Ukiwa mwingine, hiyo si nakala rudufu. Mysqldump ilikatika na gzip ikafunga faili kama kawaida. Hifadhi pia /etc/zabbix yote, /usr/share/zabbix, na skripti zako zilizo /usr/lib/zabbix/alertscripts na externalscripts. Hifadhidata ikiwa ya mamia ya gigabaiti, mysqldump itachukua usiku kucha, kwa hiyo zima MySQL kabisa na uchukue picha ya mashine nzima kutoka kwenye jukwaa la mashine pepe. Picha ikichukuliwa MySQL ikiwa inaandika, usiitegemee.

Baada ya hapo: zabbix-release ya 7.0, apt update, apt install --only-upgrade kwa zabbix-server-mysql, zabbix-frontend-php na zabbix-agent. Weka log_bin_trust_function_creators kuwa 1. Fungua mask, washa, na terminali moja iwe tail -f ya logi huku nyingine iko ndani ya MySQL. Ikishamaliza, washa upya Apache, au nginx pamoja na php-fpm, na kwenye kivinjari bonyeza Ctrl+F5, maana skripti za 6.0 zilizobaki kwenye kivinjari hufanya kurasa nzima zionekane zimeharibika.

Ukilazimika kurudi nyuma, usimimine nakala rudufu juu ya hifadhidata iliyobadilishwa nusu. Faili la mysqldump linafuta na kuunda upya majedwali linayoyajua; yale mapya ya 7.0 halina habari nayo, yatabaki, na jaribio lijalo litayagonga kwa kosa 1050. Futa yote kwanza:

drop database zabbix;
create database zabbix character set utf8mb4 collate utf8mb4_bin;

Ruhusa za mtumiaji hubaki, kwa sababu MySQL inazitunza kwa jina la hifadhidata. Kurudisha kifurushi cha 6.0 peke yake bila kurudisha hifadhidata hakusaidii. Zabbix haina njia ya kushusha muundo, na zabbix_server ya zamani itakataa kuwaka.

Proksi za Zabbix zilizoko matawini, zinazokusanya data kwa niaba ya seva, zisikuharakishe. Seva hutangulia siku zote. Proksi ya 6.0 inayoongea na seva ya 7.0 huhesabiwa kuwa imepitwa na wakati: inaendelea kukusanya data na kuituma, lakini haipokei mipangilio mipya. Kwa hiyo tawi la Mwanza linaweza kusubiri hadi kesho yake bila kupoteza grafu, ila ukiongeza swichi mpya huko haitapimwa mpaka proksi nayo ipandishwe. Proksi inayotumia SQLite haina haja ya kubadilishiwa hifadhidata. Iache kwanza imalize kutuma data iliyolimbikiza, izime, sasisha kifurushi, futa faili lake la hifadhidata, iwashe. Italiunda upya na kuchukua mipangilio kutoka kwa seva. Ajenti za zamani kwenye mashine unazozipima ziache kama zilivyo, 7.0 inaelewana nazo.

Kabla hujaondoka, rudisha log_bin_trust_function_creators kuwa 0, washa tena cron ya nakala rudufu na Grafana, kisha angalia ukurasa wa foleni ya aitemu kwa dakika kumi na tano. Foleni ikipungua, seva imeshika kasi. Ikiendelea kukua kwa aitemu za SNMP pekee, angalia mipangilio ya StartSNMPPollers, ambayo ni mipya kwenye 7.0 na huanza na 1. Faili la zabbix60.sql.gz liache lilipo kwa wiki mbili hivi, ukijua kwamba ukilirudisha, data yote iliyokusanywa baada ya usiku huo haitarudi nalo.